Fulana Isiyo na Jasho

Fulana ilikuwa safi mno. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Inspekta aliinama juu ya meza ya maabara, mikono ameifunga mgongoni kama mtoto aliyekatazwa kugusa vyombo. Mbele yake, juu ya karatasi ya kung'aa, ililazwa fulana nyeupe ya pamba, ya mikono mirefu, na kando yake suruali ya ndani ya kitambaa hicho hicho. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na tundu la kisu. Alikuwa ameshaona maiti za kila namna katika kazi yake, lakini kuitwa kutazama nguo ya ndani isiyo na hata doa, hilo lilikuwa jipya.

"Daktari, nisaidie," alisema. "Kilichoibwa ni nini hasa?"

"Jasho," alijibu Daktari. "Jasho, na dawa iliyokuwa ndani yake."

Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Kitengo chake ndicho kilichopima dawa za kuua wadudu kabla hazijaruhusiwa kuuzwa. Kama dawa inaua kunguni au haiui, hilo lilikuwa la wengine. Yeye kazi yake ilikuwa kujua inamfanya nini binadamu.

"Wapulizaji walipuliza dawa mpya ya kunguni kwenye mabweni ya majaribio mchana kutwa," alieleza. "Chini ya ovaroli kila mmoja alivaa nguo hizi. Dawa ikipenya, pamba inainywa badala ya ngozi. Jioni tunazivua, tunazifunga mfukoni, tunazigandisha. Baadaye tunazikata vipande, mikono mbali, kifua mbali, miguu mbali, tunazilowesha na kupima. Hapo ndipo tunapojua mwili wa mtu umepata kiasi gani."

"Na hii?"

"Haina kitu. Kukosa dawa ningeweza kuelewa, labda mtu ni mwangalifu. Lakini haina hata chumvi ya jasho. Mtu kabeba bomba mgongoni kutwa, kafungwa ovaroli mpaka shingoni, asitoe jasho? Huyo si mtu, ni kabati."

Fundi wa maabara, kijana aliyesimama nyuma yake, alicheka kidogo, kisha akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye.

"Kwa hiyo mtu alifungua mfuko, akatoa nguo iliyovaliwa, akatia mpya," alisema Inspekta.

"Kutoka robota lile lile. Tuliwapa wapulizaji nguo za akiba, ikiwa za kwanza zitachanika."

"Mifuko mingapi imechezewa?"

"Mmoja tu. Wa mpulizaji mkongwe kuliko wote. Wanamwita Mzee Bomba. Ndiye aliyewafunza wenzake kazi."

Daktari alishika miwani yake kifuani, akaifuta, akaiachia ining'inie tena. "Inspekta, keshokutwa kamati inakaa. Nguo za wale wengine zinaonyesha dawa kidogo sana. Kwa nguo hizo peke yake dawa itapita. Ikipita itapulizwa kwenye mabweni ya shule, kwenye wodi za watoto, kwenye vyumba vyangu na vyako vya kulala. Lakini wale wengine walijua wanatazamwa. Walivaa glavu na barakoa, wamependeza kama maharusi. Mzee Bomba peke yake ndiye aliyefanya kazi kama anavyoifanya kila siku. Mikono kaikunja, bomba linamvujia kiunoni, na likiziba analipuliza kwa mdomo. Niliwaambia wasimkosoe. Nilitaka ukweli. Na ukweli ndio ulioibwa."

*

Kituoni habari ilikwisha fika kabla yake.

"Afande, kesi ya chupi imefikia wapi?" aliuliza sajini wa zamu.

"Imekufikia wewe. Zako ziko salama?"

Wakacheka. Koplo, msaidizi wake, mwanamke kijana mwenye ulimi mwepesi, alimfuata mpaka ofisini na kufunga mlango. "Kikulacho ki nguoni mwako, afande. Wahenga waliijua kesi hii kabla yetu."

"Wahenga hawakuacha alama za vidole. Maabara yetu ya polisi imesema nini?"

"Mfuko una alama za Fundi tu. Mwizi alivaa glavu. Kufuli halikuvunjwa. Mlinzi wa geti anaapa kwamba hakuna mgeni aliyeingia jengoni wiki nzima. Daktari na Fundi ndio wanaojua ufunguo wa friza unaning'inizwa wapi. Na mwakilishi wa kampuni ya dawa yuko nje anangoja. Amekuja mwenyewe."

Mwakilishi alikuwa amevaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa. Alikaa bila kukaribishwa.

"Bwana Inspekta, najua mnachofikiri. Nimekuja kuwapunguzia safari."

"Ninafikiri nini?"

"Kwamba tumeiba sisi. Dawa yetu ni salama kama maziwa."

"Utaweza kuinywa?"

Mwakilishi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Haya, tufikiri pamoja. Nguo za wote zinatupendelea. Nguo za mzee mmoja zikitupinga, wataalamu wangu watasema nini? Watasema huyo ni mtu mzembe, dawa haina kosa. Wataziweka kando kwa dakika tano. Sasa mimi niibe kitu cha kuwekwa kando? Nijipalie makaa bure?"

"Umewahi kuonana na Mzee Bomba?"

"Kumwona nimemwona. Ananukia kama ghala."

Alipotoka, Koplo alibetua midomo. "Anaudhi."

"Anaudhi, lakini hasemi uongo," alisema Inspekta.

Jambo hilo lilimkaa vibaya. Uovu wa kampuni ungekuwa mzigo mwepesi, mtu angeubeba na kwenda nao mahakamani. Alichukua simu akampigia mkewe.

"Ile dawa ya kunguni uliyopuliza chumba cha mjukuu, ni ipi?"

"Naulizwa na mume au na polisi?"

"Na babu wa mtoto."

"Kwani ina nini?"

"Sijui bado. Fungua madirisha. Mtoto alale chumbani kwetu."

*

Alirudi maabara peke yake, bila sababu anayoweza kuitaja. Upelelezi aliujua hivyo. Ukikosa njia, rudi mlangoni ulikoingilia. Alisimama mbele ya friza na kuinama kutazama chini yake.

Mende alikuwa amelala chali, miguu juu, amekauka.

Inspekta alimsukuma kwa ncha ya kalamu. "Kumbe nanyi mna mende."

"Nani hana?" alijibu Fundi. "Hawajali kwamba hapa ndipo hukumu yao inapotolewa."

"Huyu nani alimuua?"

"Tulipulizwa wiki iliyopita. Kikosi cha wapulizaji cha mji huja kila mwisho wa mwezi."

"Ninyi mlikuwa wapi wakati huo?"

"Nje, chini ya kibanda cha magari. Ni kanuni yetu wenyewe, na Daktari ni mkali juu yake. Dawa ikipulizwa watu wote watoke. Milango ya ndani na makabati yaachwe wazi ili dawa ifike kila pembe. Tunarudi harufu ikiisha."

"Na kabati la funguo?"

Fundi aligeuka kulitazama. "Nalo."

"Nani alibaki ndani ya jengo?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna mtu, Inspekta. Mpulizaji tu."

Neno hilo likabaki hewani, na Fundi mwenyewe akalisikia baada ya kulitoa. Akatazama sakafu.

"Mpulizaji si mtu?" aliuliza Inspekta taratibu.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Alikuwa Mzee Bomba," alisema. "Nilimpungia mkono mimi mwenyewe. Nilimwambia, 'Tuachie hewa kidogo, mzee wangu.' Akacheka." Aliinua mkono kwenye paji la uso. "Lakini kwa nini aibe jasho lake mwenyewe?"

"Hilo tukamuulize yeye. Njoo nawe, Daktari. Nikiziona hizo nguo sitazitambua, wewe utazitambua."

*

Nyumba ya Mzee Bomba ilikuwa mwisho wa mtaa, ya matofali, na ua uliofagiwa vizuri. Bomba lake la kazi lilitundikwa ukutani, limeng'arishwa kama kinanda. Kizingitini mwanamke mzee alikuwa amekaa na ungo wa mchele mapajani, akichambua. Katikati ya ua mwanamke kijana, mja mzito, alikuwa ameinamia beseni, mikono imezama kwenye povu mpaka viwikoni.

Daktari hakusubiri salamu. Alikuwa anatazama kamba ya nguo.

Fulana nyeupe ya mikono mirefu ilining'inia pale, ikidondosha maji. Kando yake suruali ya ndani.

"Acha!" alipiga kelele. "Dada, toa mikono! Toa mikono kwenye maji!"

Mwanamke kijana alishtuka akasimama, povu likimtiririka. "Kuna nini? Ninyi nani?"

"Polisi," alisema Inspekta, akaonyesha kitambulisho na hati ya upekuzi. "Usiogope, mwanangu. Nguo zile umezitoa wapi?"

"Za baba mkwe. Zilikuwa kwenye fuko chini ya ovaroli zake, nyuma ya tangi. Hakunipa yeye, nimezikuta tu. Nikaona aibu nguo za mzee zikae chafu." Aliwatazama mmoja mmoja. "Nimekosea?"

"Hajakosea kufua, leo walau," alisema mama mkwe kizingitini, bila kuinua macho. "Angekosea angekuwa amelala. Huyu ukimwachia, kazi yake kulala. Tumbo la kwanza halikushika, la pili halikushika. Tumbo la mtu mvivu halishiki kitu."

Koplo, aliyekuja nao kutoka kituoni, aligeuka kumtazama. Inspekta alimgusa kiwiko anyamaze.

Daktari alikuwa ameishika ile fulana kwa ncha za vidole, na maji yalikuwa yakimwingia kwenye viatu. "Hapa hakuna tena cha kupima," alisema kwa sauti ndogo. "Hata kama kimebaki kitu, hakitatuambia alichovaa siku ile. Maji yamekwisha kula ushahidi wote."

"Hayakula yote," ilisema sauti nyuma yao. "Mwingine umeliwa na mikono yake."

Mzee Bomba alikuwa amesimama getini na mkate chini ya kwapa. Alikuwa mrefu, mabega mapana, kichwa cheupe. Mkono ulioshika mkate ulikuwa unatetemeka, na ilionekana ameuzoea mtetemo huo, hakujishughulisha kuuzuia.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba. Nilijua mtakuja. Sikujua mtamkuta anafua hizo." Alitazama kamba, na uso wake ukaporomoka. "Nilizificha ili nizichome. Kila nikiwasha kiberiti nasikia watu wanapita. Dawa ikichomwa moshi wake mbaya, ningewadhuru majirani."

"Ulizichukua siku uliyopuliza maabara?"

"Siku hiyo."

"Ukatia zile za akiba."

"Nilitia, na glavu nilizozidharau nikazivaa siku hiyo. Nilifikiri zitatoa kidogo kama za vijana. Jasho sikulikumbuka. Kazi yangu kuua wadudu, si kuibia watu."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Kampuni?"

"Yule kijana wa viatu? Anishike mkono kwanza. Siku zote husalimia kwa mbali."

"Uliogopa kuondolewa kazini?"

"Mimi?" Mzee alijaribu kucheka. "Wananiita mzee wa dawa. Nimewafunza wote wale. Nilikuwa nawaambia dawa haimwingii mwanamume anayekula akashiba. Nimewaambia hivyo miaka na miaka. Sikuogopa kazi. Wangeniondoa ningekaa kizingitini nikachambua mchele na mama."

"Basi uliogopa nini?"

Mzee Bomba aliweka mkate juu ya ukuta, kwa uangalifu, kama kitu cha kuvunjika.

Inspekta alingoja. Alikuwa na desturi ya kuwaacha watu na kimya chao, maana kimya humshinda mtu kuliko kofi. Lakini safari hii kimya kilikuwa kinamuuma yeye pia. Alishaona jawabu lilipo. Lilikuwa limesimama katikati ya ua na povu viwikoni.

"Mzee, nguo zako za kazi hufuliwa na nani?"

"Na huyu."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoolewa na mwanangu. Mwanangu dereva, yuko safarini muda wote. Huyu ndiye mtoto wetu wa nyumbani."

"Na kabla ya majaribio Daktari aliwapa mafunzo."

"Alitupa." Mzee aliliangalia bomba lake ukutani. "Alisema dawa haibaki kwenye bomba. Inarudi nyumbani na mtu, ndani ya nguo. Alisema nguo za kazi zisichanganywe na za watoto. Na mwenye mimba asiziguse." Aliangalia beseni. "Vijana waliuliza maswali, wakataniana. Mimi nilikuwa nahesabu. Siyo nguo. Nilikuwa nahesabu matumbo."

Ungo wa mchele ulikoma kutikisika.

"Nikajua fulana yangu itasema," aliendelea. "Itasema nimelowa. Na nikiwa nimelowa mimi, basi yeye naye, siku zote hizo, kwa mikono mitupu. Ikikaa kimya, hakuna atakayejua. Wala mimi mwenyewe nisingejua kwa hakika. Ndicho nilichoiba, Inspekta. Sikuiba nguo. Niliiba jibu."

Mwanamke kijana alikuwa bado amesimama. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa:

"Baba. Jioni ya siku hiyo ya mafunzo, uliniletea ovaroli nikafua."

"Nilikuletea."

"Ulishajua."

"Nilishajua."

"Na tumbo hili lilikuwa limeanza kuonekana."

"Ningekukataza ungeniuliza kwa nini, mwanangu. Mama angeniuliza kwa nini. Sikuwa na jibu lingine isipokuwa lile."

"Ungetoa lile."

Mzee alifunika macho kwa kiganja.

Daktari alisogea mbele. "Nisikilizeni wote. Siwezi kuapa kwamba mimba zile zilitoka kwa sababu ya dawa. Mimba hutoka kwa mambo mengi. Ninachoweza kuapa ni kwamba hakuna aliyewahi kuuliza. Hata mimi. Nilimpima anayepuliza, nikampima anayelala chumbani, nikampima mtoto anayetambaa sakafuni. Mtu wa beseni sikumweka popote."

"Kamati yako?" aliuliza Inspekta.

"Kamati haitapitisha kitu. Nitasimama mbele yao niseme kazi yangu haijakamilika. Wanifukuze wakitaka."

Koplo alikuwa ametoa pingu. Alimtazama Inspekta, na Inspekta akaitikia kwa kichwa, kwa shingo nzito. Wizi ulikuwa wizi, na kuharibu ushahidi wa serikali kulikuwa kosa, hata mwenye kuharibu akiwa analia.

"Twende, mzee wangu."

"Bado," alisema mkamwana. "Mchukueni, lakini kwanza amwambie mama. Ninyi mmeambiwa, mimi sijasikia akimwambia mama."

"Amesikia yote," alisema Koplo kwa upole.

"Amesikia polisi wakiambiwa. Mimi nilitukanwa kwa jina langu, kwenye kizingiti kile, majirani wanasikia. Kosa lake nalo aliseme kwa jina lake, kwenye kizingiti kile kile."

Mzee Bomba alivuka ua. Ulikuwa ua mdogo, lakini alichukua muda kuuvuka. Alisimama mbele ya mkewe, pingu mikononi.

"Mama watoto," alisema. "Ulimwita mvivu, nikanyamaza. Ukasema tumbo lake bovu, nikanyamaza, nikala chakula alichopika. Nguo alizofua zilikuwa zangu, na dawa ilikuwa yangu. Kama kuna mtu wa kutukanwa humu ndani, anza na mimi."

Midomo ya mkewe ilikuwa inatafuta neno, na kwa mwanamke ambaye hakuwahi kukosa neno, ilitisha kuiona. Mwishowe alisimama, ungo ukaanguka na mchele ukatawanyika, akauendea mtungi wa maji safi. Alijaza ndoo akaibeba kwa mkamwana.

"Nimnawishe vipi?" alimuuliza Daktari. Hakuthubutu kumuuliza mwenyewe.

"Sabuni nyingi, maji mengi, mpaka mabegani. Na wewe, dada, inua mikono. Usijifute nguoni. Usijiguse tumbo mpaka tumalize."

Mwanamke kijana aliinua mikono. Akasimama hivyo juani, viganja wazi, mama mkwe akimnawisha, maji yakitiririka kutoka viwikoni. Inspekta alitazama kando. Alikuwa amewaamuru watu wengi sana wasimame namna ile, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa hana hatia kama huyu.

"Na huyu?" aliuliza mwanamke kijana, akilionyesha tumbo kwa kidevu kwa kuwa mikono ilikuwa juu. "Huyu atakuwaje?"

Swali lile ndilo lililokuwa kazi ya Daktari, ndilo alilosomea, ndilo alilolipwa kulijibu. Aliweka chini ile fulana iliyolowa.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Hatukuwahi kukuhesabu."

"Basi nihesabuni," alisema, na mikono ingali juu, akatangulia kuliendea gari la kuwarudisha maabara.